Mazungumzo ya 17: Je, Ndani ya Kipimo cha Virusi Kuna Nini?

Leo hatutazungumza juu ya ugonjwa mpya. Tutasimulia historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwa macho yetu, lakini ni wachache waliowahi kuelezwa kilivyotengenezwa.

Kila siku katika kliniki zetu za wajawazito, mama hutobolewa kidole. Tone la damu huwekwa katika kifaa kidogo cha plastiki, kisha mama huambiwa angoje. Dakika zile za kungoja ni ndefu. Mama huwaza mengi. Leo tutajibu maswali mawili yanayomjia wakati huo.

La kwanza: je, kifaa hiki kina virusi vya UKIMWI ndani yake? Kinaweza kuniambukiza?

La pili: nimesikia kwamba mwanamke aliyezaa mara nyingi anaweza kuambiwa ana virusi, kumbe hana. Ni kweli?

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jibu la swali la pili ni kwamba jambo hilo lilitokea kweli katika vipimo vya zamani, na wataalamu wakalitafutia suluhisho. Ili tuelewe vizuri, inafaa turudi nyuma miaka arobaini hivi.

ASKARI WA MWILI

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Kirusi kinapoingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupigana nacho. Askari hao huitwa kingamwili. Kila kundi la askari humjua adui mmoja tu. Askari wa surua wanaijua surua. Askari wa virusi vya UKIMWI wanavijua virusi hivyo.

Askari humjuaje adui? Humtambua kwa nguo alizovaa. Kirusi kimevikwa ganda la protini, nasi leo tuliite shati. Mwizi akipita kijijini usiku na shati lake likabaki kwenye ua, mbwa wa polisi akilinusa atamfuata mwizi yule yule. Vivyo hivyo askari wa mwili wakikutana na shati la kirusi wanachojua, hulishika na kuling'ang'ania.

Kipimo cha kingamwili hutumia tabia hiyo. Mtaalamu huliweka shati la kirusi ndani ya kifaa, kisha hudondosha damu yako juu yake. Kama damu yako ina askari wanaolijua shati lile, watalishika na alama itaonekana. Kama hawamo, hakuna alama. Kwa hiyo ubora wa kipimo unategemea sana ubora wa shati lililowekwa ndani. Je, shati hilo lilipatikana wapi? Hapo ndipo historia yetu inaanza.

VIPIMO VYA KWANZA, MWAKA 1985

Mnamo Juni 1981, wakuu wa afya wa Marekani walitoa taarifa kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliougua kwa namna isiyo ya kawaida. Huo ulikuwa mwanzo wa kutambuliwa kwa UKIMWI. Mwaka 1983, huko Paris, Ufaransa, wanasayansi wa taasisi ya Pasteur wakiongozwa na Luc Montagnier na Françoise Barré-Sinoussi walikipata kirusi chenyewe. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Hapa kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa mwaka 1984.

Wakati huo hatari kubwa ilikuwa katika damu ya kuongezewa. Mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua aliweza kuokolewa kwa damu hiyo, kisha akaambukizwa nayo. Kipimo kilihitajika upesi. Lakini ili kutengeneza kipimo, mashati mengi ya kirusi yalihitajika, na kirusi hakiwezi kuongezeka peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai za mwili. Tena kirusi hiki kiliziua chembe zile zile zilizokilea.

Mwaka 1984, katika maabara ya Robert Gallo huko Marekani, mtafiti Mikulas Popovic alipata chembe zilizoweza kukaa na kirusi bila kufa upesi. Zilitokana na mtu aliyekuwa na saratani ya chembe nyeupe za damu, na moja ya aina hizo ilipewa jina H9. Sasa kirusi kiliweza kukuzwa kwa wingi. Kilivunwa, kikauliwa, kikavunjwavunjwa, na vipande vyake vikabandikwa ndani ya vifaa vya kupimia. Tarehe 2 Machi 1985, Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza kuanza kutumika kupima damu.

Kipimo hicho kiliokoa watu wengi. Lakini kilikuwa na kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ilikuwa hatari kwa waliokitengeneza. Kukuza kirusi hai kwa wingi ni kazi ya kuogofya. Mwaka 1988 jarida la Science lilieleza habari za mfanyakazi wa maabara aliyeambukizwa baada ya kufanya kazi na virusi vilivyokolezwa kwa wingi.

Kasoro ya pili iliwagusa kina mama.

KWA NINI WALIOZAA MARA NYINGI?

Fikiria mwizi aliyejificha katika nyumba ya mtu. Polisi wanakuja kuchukua shati lake. Kwa haraka, wanabeba kila nguo iliyokuwa kamba moja na shati hilo: nguo za mwenye nyumba, nguo za watoto, zote. Siku askari wakiletwa kunusa, askari anayezijua nguo za mwenye nyumba atabweka pia, hata kama hajawahi kumwona mwizi.

Ndivyo ilivyokuwa katika vipimo vile. Kirusi kilikuzwa ndani ya chembe za binadamu, na kilipovunwa kilitoka na mabaki ya chembe hizo. Chembe za kila mtu zina alama zake za utambulisho, kama vile kila ukoo ulivyo na alama zake.

Sasa mwangalie mama mjamzito. Mtoto aliye tumboni amechukua nusu ya alama zake kwa mama na nusu kwa baba. Wakati wa mimba, na hasa wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto hupenya na kuingia katika damu ya mama. Mwili wa mama unaona alama za baba, ambazo si zake, na wakati mwingine hutengeneza askari dhidi ya alama hizo. Huu si ugonjwa na haumdhuru mama. Kadiri anavyozidi kuzaa, ndivyo askari hao wanavyoweza kuongezeka.

Ikitokea kwamba alama za baba zinafanana na alama za zile chembe za H9, askari wa mama watayashika mabaki ya chembe yaliyomo ndani ya kipimo. Kipimo kitaonyesha alama. Mama ataambiwa damu yake imeshika, na kumbe kilichoshikwa si shati la kirusi bali ni nguo za mwenye nyumba. Jambo hilo hilo liliwapata watu walioongezewa damu mara nyingi.

Wataalamu waliligundua tatizo hili mapema, na ndiyo sababu damu iliyoshika ilirudiwa kwa kipimo cha pili cha aina nyingine, kinachotenganisha protini za kirusi moja moja. Mama akichagua maharagwe upesi upesi ili asiache jiwe hata moja, atatupa na maharagwe mazuri. Lazima ayapitie tena yale aliyoyatupa. Kipimo cha damu kiliwekwa kiwe kikali ili kisiache jiwe, kwa hiyo kurudia kulikuwa ni lazima. Lakini mahali ambapo kipimo cha pili hakikuwapo, au ambapo mtu hakungoja majibu yake, mama angeweza kwenda nyumbani na hukumu isiyo yake. Sote tunajua neno kama hilo linavyoweza kuvunja nyumba.

SHATI BILA MWIZI

Suluhisho lilikuwa kupata shati la kirusi bila kumkaribisha mwizi mwenyewe, na bila nguo za mwenye nyumba. Je, inawezekana?

Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa Marekani, Stanley Cohen na Herbert Boyer, walionyesha namna ya kukata kipande cha maagizo ya urithi, yaani jeni, na kukipachika ndani ya bakteria. Bakteria huyo husoma maagizo mapya kana kwamba ni yake. Mwaka 1978 bakteria waliwezeshwa kutengeneza insulini ya binadamu, na kuanzia mwaka 1982 wagonjwa wa kisukari wakaanza kuitumia. Kabla ya hapo insulini ilitolewa katika kongosho la nguruwe na la ng'ombe.

Mnamo Januari 1985, maagizo yote ya kirusi cha UKIMWI yalichapishwa. Ni kama kitabu kifupi chenye herufi zipatazo 9,700. Sasa wataalamu waliweza kufungua kitabu hicho na kuchagua ukurasa mmoja tu, ule unaoeleza namna ya kushona shati.

Kazi huenda hivi. Ukurasa huo hunakiliwa na kupachikwa ndani ya bakteria wasio na madhara, jamaa ya wale wanaoishi katika utumbo wetu. Bakteria hao hutiwa katika pipa la chuma lenye chakula chao na joto la kuwatosha. Wewe mama unayegandisha maziwa unalijua jambo hili. Unatia kijiko kimoja cha maziwa lala katika maziwa freshi jioni, na asubuhi chombo kizima kimeganda, kwa sababu bakteria wale wachache wamezaana usiku kucha. Katika pipa lile bakteria huzaana vivyo hivyo, na kila mmoja hutengeneza shati la kirusi. Kisha huvunjwa, na protini ya shati husafishwa mpaka ibaki peke yake.

Badala ya bakteria, wakati mwingine hutumiwa hamira, ambayo ni jamaa ya hamira ya mahamri, au chembe za wadudu. Vipande vifupi sana vya shati huweza hata kuungwa maabara kwa kemikali, bila kiumbe chochote.

Angalia jambo hili vizuri, mama. Katika pipa lile hakuna kirusi hata kimoja. Kuna ukurasa mmoja wa kitabu chake. Ukurasa mmoja hauwezi kumfanya mwizi, kama vile kola ya shati haiwezi kutembea na kuiba. Ndiyo sababu tumesema kifaa cha kupimia hakiwezi kukuambukiza. Kinachohitaji uangalifu ni sindano ya kutobolea kidole: iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, na itupwe baada ya kutumiwa mara moja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, vipimo vya protini hizi safi vilianza kuchukua nafasi ya vile vya kwanza. Sehemu iliyopendwa sana ni ya protini iitwayo gp41, kwa sababu karibu kila aliyeambukizwa hutengeneza askari wanaoijua. Nguo za mwenye nyumba ziliondoka, na ile hofu ya mama aliyezaa mara nyingi ikapoteza sababu yake kuu.

Lakini tusidanganyane kwamba matatizo yote yaliisha. Sisi sote tuna askari wa kupigana na bakteria wa utumbo. Kama shati halikusafishwa vizuri na mabaki ya bakteria yakabaki, askari hao huweza kuyashika, na kosa likarudi kwa mlango mwingine. Tena ukichagua ukurasa mmoja tu, unaweza kumkosa mwizi aliyeshona shati kwa mtindo tofauti. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba kuna kirusi cha pili cha UKIMWI huko Afrika Magharibi, na protini yake ikabidi iongezwe katika vipimo. Mwaka 1994 ilionekana kwamba baadhi ya vipimo vilishindwa kuitambua aina moja ya kirusi iliyopatikana hasa Kamerun na nchi jirani. Vipimo vikarekebishwa tena.

Ujuzi huu umetufaa pia nje ya vipimo. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini ya aina B, ya mwaka 1981, ilitengenezwa kutokana na damu ya watu waliokuwa na kirusi hicho. Kuanzia mwaka 1986 ikaja iliyotengenezwa kwa hamira. Kenya iliingiza kinga ya homa hiyo katika chanjo za watoto mwaka 2001. Mtoto wako alipodungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, alipewa shati la kirusi lililotengenezwa bila kirusi.

VIPIMO VILIVYOFIKA KIJIJINI

Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mapema miaka ya 2000 vituo vya ushauri na upimaji, vilivyojulikana kama VCT, vikaanza kufunguliwa. Kabla ya hapo damu ilipelekwa katika maabara kubwa na mtu akangoja majibu kwa siku nyingi. Wengine hawakurudi kuyachukua.

Protini safi ziliwezesha kipimo cha haraka. Hukaushwa juu ya utepe mweupe ndani ya kifaa cha plastiki. Vifaa vingi vya namna hii huweza kutunzwa bila friji mradi joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo hata zahanati isiyo na umeme ikaweza kupima. Kila kifaa kina mstari wa kuthibitisha kwamba kimefanya kazi. Mstari huo usipotokea, majibu hayahesabiki na kipimo hurudiwa.

Kwa mama mjamzito majibu haya ni ya maana sana. Bila matibabu, katika kila kina mama 100 wenye virusi, kati ya 15 na 45 huwaambukiza watoto wao wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Kwa matibabu, idadi hiyo huweza kushuka chini ya 5.

MTOTO NA ASKARI WA KUAZIMA

Kuna jambo moja ambalo hata shati safi kuliko yote haliwezi kulitatua. Mtoto anapozaliwa huja na askari wa mama yake. Mama amemwazima ili wamlinde katika miezi ya kwanza. Kama mama ana virusi, mtoto atakuwa na askari wa virusi hivyo hata kama yeye mwenyewe hana kirusi hata kimoja. Askari hao huweza kubaki hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha kingamwili kwa mtoto mchanga kinatueleza habari za mama, si za mtoto.

Zamani familia ililazimika kungoja miezi 18. Huko kungoja kulikuwa na gharama kubwa, maana karibu nusu ya watoto walioambukizwa na wasiotibiwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Leo hutumiwa kipimo kiitwacho PCR, ambacho hakitafuti askari. Hutafuta kitabu cha kirusi chenyewe. Matone machache ya damu kutoka kisigino cha mtoto hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Hapa Kenya mtoto wa mama mwenye virusi hupimwa hivyo akiwa na wiki 6, kisha miezi 6 na miezi 12. Akifika miezi 18 ndipo hupimwa kwa kipimo cha kingamwili. Mama, usikose tarehe hizo hata kama mtoto anaonekana mwenye afya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, kifaa cha kupimia hakina kirusi hai na hakiwezi kukuambukiza.

Pili, kipimo kimoja kilichoshika si hukumu. Historia imetufundisha hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu asiambiwe ana virusi mpaka vipimo vitatu tofauti vishike kwa kufuatana. Ukijipima nyumbani na kifaa kikashika, nenda kituo cha afya ukathibitishe. Usianze kulaumu, usikimbie, usifukuze mtu.

Tatu, kipimo kisichoshika pia kina mipaka yake. Askari huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi mitatu, kabla ya kuonekana. Ndiyo maana muuguzi hukuomba upimwe tena mimba inapokaribia mwisho. Si kwamba hakuamini.

Nne, ikithibitishwa kwamba una virusi, dawa huanza bila kungoja uugue. Umezaa mara moja au mara tisa, sema hivyo bila aibu, na uliza lolote usiloelewa.

Mwambie na jirani aliyekosa mazungumzo haya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini vipimo vya kwanza viliweza kumkosea mama aliyezaa mara nyingi?
2. Mwenzako amejipima nyumbani na kifaa kimeshika. Utamshauri afanye nini leo?
3. Kwa nini mtoto wa wiki 6 hapimwi kwa kipimo kile kile cha mama?